Mpanda Nyuma Hana Macho

Jiwe la kusugulia visigino lilikuwa jeusi tii. Luz Dary aliligeuza chini ya bomba, akalinusa, akakunja uso. Lilinuka mpira. Akatoka bafuni na taulo kichwani hadi uani, na pale akamkuta mumewe Wbeimar, mwanamume mzima, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na kitambi cha heshima, amepiga magoti nyuma ya pikipiki yake kubwa nyekundu. Alikuwa amelimega jiwe vipande viwili, na kwa hicho cha pili alikuwa anasugua ukingo wa tairi kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha kwenye sufuria hata moja ya nyumba ile.

"Wbeimar, hilo ni jiwe langu la miguu."

"Msasa umeniishia, mama. Nitakununulia jingine."

"Una duka zima limejaa msasa."

"Duka limefungwa. Leo Jumamosi." Hakuinua hata uso. "Sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Katika mlima wa Yarumo tairi lina mdomo. Anayejua kulaza pikipiki kwenye kona hulila tairi lake mpaka pembeni kabisa. Asiyejua, anayepita kona amesimama wima kama kabeba trei ya mayai, hulila katikati tu, na pembeni hubaki ukanda mpya unaong'aa. Wanaume wa klabu ya Tai wa Yarumo waliuita ukanda wa woga. Kila Jumapili, kabla hata ya kupeana mikono vizuri, walizungukana na kuinamiana matairi kama wanunuzi wanaokagua meno ya punda mnadani, na aliyekutwa na ukanda alichekwa mpaka kahawa yake ikapoa. Ndipo wakajifunza kusugua. Wote walisugua, wote walijua kwamba wenzao wanasugua, na bado walisifiana kwa sauti kubwa.

"Kesho ndiyo kesho," Wbeimar alisema, akipuliza unga mweusi. "Goti kwenye lami, mke nyuma. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupigwa picha ya namna hiyo. Mwenyekiti Gildardo atakula jiwe kwa wivu."

"Na mimi nitakula nini?"

"Wewe kazi yako ni kushika na kunyamaza. Tukifika mbele ya kamera ya Fáiber, inua kioo cha helmeti utabasamu."

Wiki iliyofuata ilikuwa sikukuu ya Bikira wa Karmeli, mama wa madereva wote wa milimani. Padri angekuja kunyunyizia pikipiki maji ya baraka, na katika mgahawa wa Mama Rubiela, chini kabisa ya sanamu ya Bikira, ingetundikwa picha moja tu: ya mwanachama aliyelaza pikipiki vizuri kuliko wote mwaka huo. Ingekaa pale mpaka sikukuu nyingine. Kwa ajili ya hilo pengo la ukutani Wbeimar alikuwa hali vizuri tangu mwezi uliopita.

Luz Dary aliutazama mgongo wake ulioinama, unga wa mpira uliomganda shingoni, na lile jiwe alilopewa na dada yake likitafunwa na tairi. Alijisikia kinyaa. Si hasira, maana hasira alikuwa ameizoea, huja na kwenda zake. Hiki kilikuwa kinyaa hasa, kama cha mtu aliyekuta unywele kwenye supu na bado anaambiwa anywe.

Kilichomwuma zaidi ni kwamba yeye alijua kuendesha. Kabla ya kuolewa alikuwa na pikipiki ndogo ya bluu, na kila asubuhi aliupanda mlima ule kwenda kazini kwenye duka la dawa kule juu Yarumo, mvua inyeshe, ukungu ushuke, malori ya viazi yamfukizie moshi usoni. Alianguka mwanzoni, akaamka, akajifunza. Kona haitaki haraka mlangoni. Unapunguza mwendo mapema, pikipiki ikiwa bado imesimama. Unaingia kutoka upande wa nje, unasubiri, huparamii. Kisha unausukuma mbele, kidogo tu, mkono wa usukani wa upande unaokwenda, mafuta unayaongeza taratibu, na macho unayapeleka kule kona inakoishia. Hilo la macho ndilo kubwa. Pikipiki hufuata macho. Ukitazama shimo, utalipata shimo. Ukitazama lori, Mungu akurehemu.

Halafu Wbeimar akataka pikipiki kubwa. "Itakuwa yetu sote," alimwambia, na ile ya bluu ikauzwa kuongezea. Tangu siku hiyo Luz Dary hakuugusa usukani. Alikaa nyuma, na aliyekaa nyuma anajua yote, maana mwili wa anayeendesha hauna siri. Alimsikia mumewe akiingia kona kwa pupa, akishtuka katikati, akikamata breki mahali pasipofaa, mabega yamekakamaa kama mbao za dukani kwake. Wala Wbeimar hakuwa mbaya kuliko wenzake. Alikuwa mbaya sawasawa na wenzake.

Lakini hayo hayakusemwa, kwa sababu klabu ilikuwa na amri yake: mpanda nyuma hana macho. Waasisi waliitunga kwa nia njema, ili abiria asimpigie dereva kelele katikati ya kona akamtoa roho. Baadaye ikatanuka. Mpanda nyuma hakuona chupa iliyofichwa chini ya koti. Hakuona mbwa aliyegongwa akaachwa. Hakuona yule msichana wa kituo cha mafuta aliyemzoea Gildardo kupita kiasi. Gildardo mwenyewe, daktari wa meno na mwenyekiti wa klabu, aliikumbusha amri hiyo kila Jumapili akigawa vizibao. "Akina mama, macho mmeacha nyumbani?" Wake zao walicheka. Luz Dary naye alicheka, miaka yote hiyo.

Jumapili ilipambazuka bila ukungu. Klabu ilikusanyika chini kidogo ya Kona ya Nyumbu, kona ndefu inayopinda kulia unapopanda, mlima na njia ya wanaopanda upande wa kulia, bonde upande wa kushoto. Fáiber, mpiga picha, alikuwa ameshakaa kwenye kiukuta cha upande wa bonde, ng'ambo ya njia ya wanaoteremka, kamera yenye pua ndefu magotini. Kila Jumapili alikaa pale. Wanaume walipanda wakipita mbele yake, wakageuza juu, wakateremka, wakapanda tena, mpaka kila mmoja akapata picha inayomfanya aonekane mtu.

Safari ya kwanza goti la Wbeimar halikugusa lami. Ya pili halikugusa. Fáiber alitikisa kichwa kwa masikitiko ya mfanyabiashara.

"Wbeimar!" Gildardo alipaza sauti. "Goti lako linaogopa baridi ya lami? Lifunge skafu!"

"Ni mke, mzito!" Wbeimar akajibu, na wote wakacheka. Kisha akageuka, akasema kwa sauti ya chini, "Unajikaza kama gunia. Legea. Na hicho kioo, nilikwambia uinue."

"Sitainua."

"Luz Dary, usiniaibishe leo."

Alimtazama kupitia kioo cha helmeti. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na mdomo wenyewe ulikuwa unatetemeka kwa hamu, kama wa mtoto anayenyimwa pipi. Mtu wa miaka yake!

Safari ya tatu waliingia kona kwa kasi. Pikipiki ikalala, kweli ikalala, na kipande cha plastiki alichokifunga Wbeimar gotini kikakwaruza lami: kraaa. Luz Dary alikuwa anatazama mbele, juu ya bega la kulia la mumewe, kule kona inakoishia, kama alivyozoea. Kwa hiyo aliona kabla ya mumewe. Alimwona mzee akiteremka polepole kwenye njia yake, juu ya pikipiki kuukuu, na madebe ya maziwa yakining'inia huku na huku. Na papo hapo akaihisi helmeti ya Wbeimar ikigeuka kushoto.

Alikuwa anatazama kamera.

Pikipiki ikainuka, ikaanza kwenda kule macho yalikokwenda. Mstari wa njano ulikuja, ukapita chini ya buti la kushoto la Luz Dary, ukapita chini ya injini, ukatokea kulia. Walikuwa kwenye njia ya mzee. Mzee aliona, akaupiga usukani kuelekea kiukuta. Luz Dary aliinua kichwa akamgonga Wbeimar helmeti kwa helmeti kwa nguvu zake zote. "Mbele! Tazama mbele!" Kichwa kikarudi mbele, na pikipiki ikarudi nacho. Nyuma yao kukasikika mlio wa madebe.

Alishuka hata kabla pikipiki haijasimama vizuri. Mzee alikuwa amekaa kwenye changarawe, mgongo kwenye kiukuta, mguu mmoja umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Maziwa yalikuwa yanatiririka kufuata mteremko, meupe, yanatoa mvuke kidogo kwenye baridi. Alikuwa mzee Eliécer. Nani asiyemjua mzee Eliécer? Alikuwa akiteremsha maziwa ya watu wa Yarumo tangu Luz Dary akiwa duka la dawa.

"Usitikisike, mzee wangu."

"Mguu umekwenda, binti." Alikuwa amekauka midomo. "Maziwa je?"

"Achana na maziwa."

"Si yangu, ni ya watu."

Hatua za buti zikasikika nyuma. Wbeimar alikuwa anakuja mbio, helmeti mkononi, na Luz Dary, pamoja na yote aliyokwisha kuyaona, alidhani anamkimbilia mzee. Akampita. Akamwendea Fáiber.

"Umeipata? Liligusa! Umesikia lilivyogusa? Niambie umeipata!"

Luz Dary aligeuka pembeni akatema mate chini. Hakujali nani anamwona.

Gildardo alifika na wengine, na yeye kwa kuwa msomi alielewa haraka. Alimtazama mzee, akaitazama lami, akatazama pikipiki nyekundu isiyo na mkwaruzo. "Mmegusana?" aliuliza.

"Hapana," alisema Wbeimar. Ndipo rangi ilipoanza kumtoka. "Hatukugusana."

"Basi mzee kaanguka mwenyewe. Mzigo umemlemea, kapoteza mwelekeo. Sisi tuliokuwa hapa chini tumeona hivyo." Akazungusha macho kwa wanachama, mmoja mmoja, na kila mmoja akaitikia kwa kichwa. "Fáiber, wewe si ulikuwa unabadilisha lenzi?"

Fáiber alijua nani anayenunua picha zake. Kidole chake kilibonyeza kamera, kikafuta picha moja baada ya nyingine. "Nilikuwa nabadilisha lenzi," alisema.

"Waongo nyie!" mzee Eliécer akafoka, kisha maumivu yakamziba sauti.

"Mzee, wewe mtoto wa jicho umeanza lini?" Gildardo alimuuliza kwa upole wa kliniki, na huo upole ndio uliomsisimua Luz Dary mwili mzima, kama mtu aliyekanyaga konokono kwa mguu mtupu.

Polisi wa barabarani walifika wawili kwa gari dogo. La wagonjwa lilikuwa bado linapanda. Mkubwa wao, afande Pantoja, mtu mnene mwenye masharubu yaliyochongwa, aliwasikiliza Tai wa Yarumo wakiimba wimbo wao. Waliuimba vizuri. Mwisho akafunga kalamu.

"Basi. Mzee anasema hivi, nyie wote mnasema vile. Hamna alama, hamna mgongano. Nitaandika ameanguka peke yake."

Kuandikwa hivyo maana yake mzee angelipa madebe, angelipa maziwa, angejitibu mguu mwenyewe, na kwa umri ule huenda asingepanda pikipiki tena. Luz Dary alilijua hilo, na Wbeimar alijua kwamba analijua, kwa sababu alimshika kiwiko akambana.

"Twende," alimnong'oneza. "Yameisha."

"Hayajaisha." Akajitoa. "Afande, aliyetoka njiani ni mume wangu. Aligeuka kutazama kamera, tukavuka mstari mpaka kwa mzee."

Mmoja wa wake wa wanachama aliibana midomo, akatazama viatu vyake. Halafu Gildardo akacheka, kicheko kile cha kila Jumapili.

"Afande, huyu mama alikuwa nyuma. Mtazame mumewe alivyo mpana! Nyuma ya mgongo ule ungeona nini? Labda lebo ya koti."

Wanaume wakaangua kicheko. Hata yule askari mdogo alitabasamu. Afande Pantoja alikuna sharubu. "Kweli, mama. Usiudhike. Mtu wa nyuma huona kidogo sana. Umeshtuka tu, na mkishtuka nyie mnaona mengi."

"Panda, basi, tuone," alisema Luz Dary.

"Nipande wapi?"

"Nyuma yangu. Umesema mtu wa nyuma huona kidogo. Panda, tupite kona hii, uniambie umeona kidogo kiasi gani. Au afande naye anaogopa kubebwa na mwanamke?"

Mahali pale hakuna mwanamume anayeweza kulijibu swali hilo kwa kukataa, la sivyo masharubu yale yangekuwa ya bure. Afande alivimba, akamwambia mwenzake asimamishe magari ya juu na ya chini. Wbeimar akasema, "Ufunguo sitoi." Afande akanyoosha kiganja bila hata kumtazama, na ufunguo ukatoka.

Pikipiki ilikuwa nzito kuliko alivyokumbuka uzito. Luz Dary aliteremka nayo mpaka chini ya kona, akageuza, afande amemshika kiuno kwa vidole viwili viwili kama mtu anayeshika sahani ya moto. Kama angeangusha chombo kile mbele yao, mzee Eliécer angekuwa amekwisha, na yeye pia. Akapunguza mwendo mapema. Akaingia kutoka upande wa nje. Akasubiri, akasukuma kidogo, akapeleka macho mwisho wa kona, na pikipiki ikalala kwa adabu, ikaizunguka kona yote bila kutetereka, mstari wa njano ukibaki mbali kushoto.

"Umeona nini, afande?"

"Nimeona barabara," alisema afande, kwa sauti ya mtu anayefikiri.

"Sasa tunarudia. Nitafanya alichofanya mume wangu."

Safari hii aliingia taratibu zaidi, mwendo wa mtu anayekwenda sokoni. Katikati ya kona akageuza kichwa kushoto, akamtazama Fáiber usoni. Mikono hakuibadili. Fáiber naye akamtazama, kamera imemlalia kifuani. Na pikipiki ikainuka, ikaanza kumfuata, polepole, ikiukaribia mstari.

"Mama!" afande alipiga kelele. Vidole viwili viwili vikawa mikono miwili mizima. "Mstari! Mstari, mama, unavuka mstari! Tazama mbele!"

Luz Dary akatazama mbele, akairudisha, akasimama karibu na mzee. Bonde zima lilikuwa limesikia. Gildardo alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu.

Afande Pantoja alishuka kwa tabu, akavuta suruali, akakohoa. Alimtazama mzee chini ya kiukuta, kisha lami, kisha Fáiber. "Wewe, hiyo kamera ilete. Vilivyofutwa hufufuka, tuna vijana wa kazi hiyo." Akafungua kalamu upya. "Na wewe mwenye pikipiki, leseni. Pikipiki inabaki na sisi."

Wbeimar hakuitoa leseni mara moja. Alimsogelea mkewe mpaka akasikia pumzi yake, yenye kahawa na woga. Macho yalikuwa yamemlowa, na kwa dakika moja Luz Dary alikaribia kumwonea huruma.

"Goti liligusa," alimwambia. "Wewe ulikuwepo. Liligusa, halafu ukaenda kuniuza kwa muuza maziwa. Nilikulisha, nikakuvisha, nikakubeba kila Jumapili."

Huruma ikamkauka palepale. Akafungua kizibao chenye nembo ya tai, akakikunja, akakiweka juu ya kiti cha nyuma.

"Sijakuuza, Wbeimar," alisema. "Nimeshuka."

Gari la wagonjwa lilikuwa limefika. Walipokwisha kumwingiza mzee Eliécer, Luz Dary alipanda akakaa ubavuni mwake, akamshikia kofia, na dereva akafunga mlango.